Maana ya Tatu

Ofisi ya Kamusi, St. John's, Newfoundland
3 Februari 1969

Mama mpendwa,

Ninakuandikia kuomba msaada katika kazi yangu. Kabla sijaueleza, natumaini wewe na Baba mu wazima, na kuni zingalipo za kutosha. Mimi ni mzima wa afya.

Nimekabidhiwa kitenzi cha Kiingereza "watch". Wengi hudhani maana yake ya kwanza ni kutazama, la hasha. Asili yake ni kukesha, yaani kukaa macho, na kutazama kulizaliwa humo baadaye. Mhariri Mkuu akiridhika, nitaajiriwa rasmi mwishoni mwa mwezi. Tafadhali niandikie sentensi ambamo watu wa Ghuba ya Salter hukitumia, kama zitokavyo vinywani, bila kuzipamba.

Mwanao,
Selwyn

Ghuba ya Salter
10 Februari

Mwanangu,

Tupo. Baridi imekaza, chai tunayo. Sentensi zako ni hizi, zote za wiki hii.

Jirani yetu Hezekiah: "Drusilla, nenda kalale, leo namkeshea mimi. Umekauka kama chewa aliyesahaulika kwenye chumvi!"

Mimi: "Wewe unayekoroma kanisani, utamkeshea nani?"

Baba yako: "Acha kunitazama, mwanamke. Mimi si maziwa jikoni, sitafurika."

Hashuki tena ngazi. Amenikataza kukuita, kazi yako isije ikaharibika, nami nimeahidi. Kwa hiyo sikuiti. Nakuandikia sentensi tu, kama ulivyoomba. Zisome polepole.

Mama yako

St. John's
17 Februari

Mama mpendwa,

Ninakuandikia kushukuru. Natumaini nyote hamjambo. Mhariri Mkuu aliisoma sentensi ya Mzee Hezekiah kwa sauti mbele ya ofisi nzima: maana ya kale, inayofifia kwingineko, kumbe ingali hai kwetu!

Limesalia jambo moja. Katika mpangilio wangu, maana ya pili ni kumkeshea mgonjwa; ya tatu, kumkeshea maiti. Je, Mzee Hezekiah alikusudia ipi?

Mwambie Baba asishuke ngazi mpaka barafu iyeyuke.

Mwanao,
Selwyn

Ghuba ya Salter
22 Februari

Selwyn mwanangu,

Barua yako ilifika jana. Uliuliza ni ipi. Siku uliyoandika, ilikuwa ya pili. Tangu Alhamisi alfajiri, ni ya tatu.

Ahadi yangu kwake imekwisha. Sasa nakuita.

Amelazwa sebuleni. Taa haijazimwa, wala hajaachwa peke yake hata kidogo. Kiti cha upande wa kichwa ni cha mwana, unajua. Hezekiah amekikalia, na kila anayeingia humwambia, "Nakipasha moto tu, mwenyewe yuko njiani."

Nikamuuliza, "Una hakika gani?"

Akasema, "Kijana amesoma, Drusilla. Hii ataielewa."

Rubani wa ndege ya posta anakuletea barua hii mkononi, rudi naye. Zamu yako inaanza Jumatatu, saa kumi na mbili jioni.

Mama yako