Nilimvunja Goti, Sasa Anakuja Kunishukuru

Bi Umi mpendwa,

Naomba unisaidie kabla mwezi wa nane haujafika, maana usingizi sipati, chakula hakipiti, na mke wangu Wakio anadhani ni furaha ya kungoja mgeni. Mimi ni mfanyakazi wa reli hapa Voi, nina miaka thelathini na tisa, tunaishi Kaloleni na watoto wetu wanne, na ukurasa wako huwa nausoma kila Jumamosi gazeti likishafika, tena huwa nawacheka wanaokuandikia, na leo zamu ni yangu.

Mwaka wa 1973 alikuja hapa kijana wa Kifaransa, jina lake Remi, miaka ishirini na moja, alikuja kufundisha hesabu kwenye shule moja ya sekondari badala ya kubeba bunduki jeshini kwao, na hakumwambia mtu kazi yake ya kweli mpaka jioni moja alipopita kiwanja chetu karibu na reli, akatuona tunafanya mazoezi, akavua viatu vyake vya ualimu akaomba kuingia. Bi Umi, yule kijana alikuwa mchezaji wa kulipwa. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, klabu ilimchukua akiwa na miaka kumi na mitano ikamlaza na kumlisha, ikamwandikia mkataba akiwa na kumi na minane, na alikuwa ameshacheza mechi thelathini na moja za timu kubwa, kiungo, namba nane, na klabu ilikuwa imemwekea nafasi yake mpaka arudi. Hayo yote alitueleza kwa Kiswahili cha wiki tatu, mikono ikisaidia.

Namba nane kwetu ilikuwa yangu. Muli, fundi wa reli aliyekuwa mwalimu wa timu, alinivua jezi ile taratibu, akaniambia, "Zefa, wewe una mbio, nenda ukacheze pembeni." Nikaenda.

Lakini nisikudanganye, mwaka ule ulikuwa mtamu kuliko yote niliyoishi, na bado naukumbuka kwa uchungu na kwa raha vyote pamoja. Remi alikuwa anatazama nyuma ya bega lake kabla mpira haujamfikia, hiyo ndiyo ilikuwa siri yake, akiupata anajua tayari unakwenda wapi, na akatufundisha sisi wote kutazama hivyo hata shingo zikatuuma, na kina mama wa Kaloleni ambao hawajawahi kukanyaga kiwanjani wakaanza kuja na vigoda vyao, na tukawafunga wale wa shamba la katani nne bila, na tukaenda Maungu kwa lori la kokoto tukarudi tumejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, tunaimba, na Remi anaimba Kidawida, lugha yetu, maneno yote yamekwenda kombo. Jumamosi nilikuwa napanda naye milimani Ronge kwa mama yangu, Mama Tryphena, anakaa jikoni anakula kimanga, ile mihogo na maharage ya kuponda, kwa mkono, na mama akawa anamwita mwanangu. Kiwanja kile leo nusu yake imejengwa nyumba, na bado nikipita hapo najikuta nimesimama.

Sasa nifike pale. Februari 1974 watu wawili wa timu kubwa ya Mombasa walikuja kutazama mechi yetu, walikuja kwa ajili yangu, Muli ndiye aliyewaandikia, nikanyoa, nikapiga viatu vyangu dawa, nikakimbia pembeni kule mpaka mapafu yakawaka, na mechi ilipokwisha walimuuliza Muli jambo moja tu, yule mzungu anaondoka lini. Mimi hawakunipa hata mkono. Jumanne yake mazoezini mimi na Remi tukaugombea mpira katikati ya kiwanja, akawahi yeye, akautoa, mpira ulikuwa umeshaondoka, Bi Umi, niliuona ukienda, na mimi nikauingiza mguu wangu kwenye goti lake.

Wote walisema ni ajali. Mimi mwenyewe nilimbeba mgongoni mpaka zahanati nikilia, na kilio kile hakikuwa cha uongo.

Goti likagoma kupona. Wiki ya tatu mama akasema pengine kuna mtu ana hasira moyoni na hasira hiyo ndiyo inamshika kijana, tufanye kutasa. Wewe ni mtu wa pwani huenda huijui, ni desturi yetu Wadawida, sisi ni watu wa kanisa tangu babu lakini hatujaiacha, kila mmoja anachukua funda la maji ya miwa, anasema kama nilikuwa na hasira na huyu naitoa, anayapuliza nje, na moyo unabaki mweupe. Wachezaji wote walipanda Ronge, hata Muli ambaye ni Mkamba. Zamu yangu ilipofika mama alinishikia kikombe kwa mkono wake. Nikasema, "Mimi sina neno na Remi, sijawahi kuwa nalo," nikapuliza. Kwetu mtu haongopi na maji yale mdomoni. Sijui mwingine aliyewahi.

Remi akaondoka na magongo mwezi wa tano. Sasa juzi barua imefika, kwa Kiswahili chake kile kile. Anasema alipasuliwa mara mbili, alirudi uwanjani akacheza mechi nne tu, klabu ikamwachia akiwa na miaka ishirini na mitatu, sasa anafundisha watoto mpira mji wa kwao. Anasema, "Zefa, ulinibeba mgongoni na hukuniweka chini. Ule mpira wa mwisho tuliogombea mimi na wewe nimeufikiria miaka mingi, sasa siufikirii tena. Nakuja Agosti. Nataka kukushukuru mbele ya mama."

Wakio ameanza kupaka nyumba chokaa. Mama ana miaka sabini na nne, anasema anangoja kumwona mwanawe halafu Mungu amchukue akitaka. Mimi nimefikiria niombe zamu ya Taveta mwezi huo wote, waambiwe nimetumwa na kazi, au ninyamaze nimchinjie mbuzi tule yaishe, maana nikisema mama atajua nilifanya nini na kikombe chake. Niambie, nifanyeje?

Zephaniah, Kaloleni, Voi

JIBU LA BI UMI

Ndugu Zephaniah,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimekukasirikia, ya pili nikifuta machozi kwa ajili ya lile lori la Maungu. Ulikuwa na mwaka mzuri, na rafiki mzuri. Sikunyang'anyi hayo, nawe usijinyang'anye.

Lakini tuseme wazi. Ulikata riziki ya kijana wa watu kwa sababu watu wawili wa Mombasa hawakukupa mkono. Waliokukosea ni wao, aliyelipa ni yeye. Ungewarukia wao kwenye stesheni ningekuelewa zaidi. Na usiniletee habari ya zamu ya Taveta. Mtu mzima mwenye watoto wanne unataka kujificha mwezi mzima, mama yako kizee afungue mlango peke yake na kudanganya kwa niaba yako bila kujua? Aibu ndogo unaikimbia ukajitafutie kubwa.

Mbuzi pia mwache aendelee kula majani. Ukimchinja kabla ya kusema, utakuwa umerudia kile kile ulichofanya na kikombe, safari hii kwa nyama. Mimi desturi yenu siichezei. Sisi huku tuna zetu, na najua uzito wa kusema neno takatifu huku moyo umefungwa.

Sasa nikuulize wewe mchezaji, maana mimi mpira nausikia redioni tu. Mtu aliyelelewa na klabu tangu miaka kumi na mitano, ambaye hutazama kabla mpira haujamfikia, unadhani hakujua ule mguu ulikuja kutafuta nini? Soma tena barua yake. Anasema ameufikiria ule mpira miaka mingi. Mtu haumizwi kichwa miaka mingi na ajali. Ninavyoona mimi, Remi alijua siku ile ile ukiwa umembeba mgongoni. Alikaa kimya mbele ya Muli, akakaa kimya mbele ya mama yako, akakuangalia ukipuliza maji yale. Miaka kumi na miwili amekutunzia siri yako, tena akiwa na mguu mbovu. Wewe ulidhani unamficha.

Inawezekana nimekosea. Hata nikiwa nimekosea, ushauri wangu haubadiliki.

Jumapili hii panda Ronge peke yako, Wakio mwache na chokaa yake. Mwambie mama yako kwanza, kwa kuwa aliyekushikia kikombe ni yeye. Usimwambie kuhusu watu wa Mombasa mpaka akuulize, maana ukianza nao utakuwa unajitetea. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, na ukae hapo hapo jikoni usiondoke mpaka amalize. Akitaka mfanye kutasa upya, mfanye, na safari hii ufungue mdomo kwa kweli. Ukirudi Voi umwambie mkeo.

Halafu mwandikie Remi sasa, asije akasikia akiwa amefika. Ukingoja Agosti utakuwa umemkamata mgeni nyumbani kwako, mizigo imeshashushwa, mama anamkumbatia, hana pa kwenda ila kusema si kitu. Mpe nafasi ya kukasirika akiwa kwao. Mpe nafasi ya kutokuja. Najua hilo ndilo linalokuogofya kuliko yote, kwamba atasoma na hatakuja, na mama yako atazikwa bila kumwona tena. Inaweza kutokea. Uamuzi huo ni wake, na ulikuwa wake tangu 1974.

Usimwombe msamaha kwenye barua hiyo. Akitaka kuutoa atautoa, usimtume. Wala usijaze kurasa kama ulivyonijazia mimi. Kaa kwenye meza, chukua kalamu, uanze hivi: "Remi, ule mpira niliuona ulipokwenda, na mimi sikuufuata mpira." Ukishaandika mstari huo mengine utayaweza. Bandika stempu ya ndege, upeleke posta kwa mguu wako mwenyewe.