Babu Hajatua Mzigo

London, Jumatatu asubuhi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo. Kifua cha mama kinaendeleaje? Mvua imefika Kwihara, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda Nzega?

Barua yako nimeisoma mara nne, pale uliposema babu huamka alfajiri akazunguka ua mpaka jua kali, bega la kulia limevimba, na mkimwambia aketi hujibu, "Sijafika." Mama anasema ni uzee. Baba, sidhani.

Unakumbuka tulivyompiga picha za sinema kwenye njia ya zamani ya misafara, tukamtwika gogo lililofungwa gunia badala ya pembe za ndovu. Babu alicheka: "Mzungu wako kachelewa. Angenikuta nina meno." Kisha akanishika mkono. "Nikifika kwako, nipokee." Ndivyo walivyofanya wapagazi wa ukoo wetu: mtu hashushi mzigo mpaka wa nyumbani auwekee mkono na kusema, "Pole, tua." Nilijua hilo tangu utoto. Lakini babu alipokaribia, bibi Mwingereza ninayemfanyia kazi aliweka kidole mdomoni, nisisogee. Nikatii. Babu akanipita akinitazama. Gogo alilitupa peke yake nyuma ya kichaka, na siku ile hakusema nami tena.

Sinema za bibi huyu hazina hadithi. Hukwangua mikanda ya filamu kwa sindano, mingine huizika bustanini ioze kidogo, ndipo aionyeshe. Safari hii ameunga mwisho wa mkanda na mwanzo wake, ukawa duara. Babu anakuja kwangu, ananipita, anaanza tena. Mashine ya kuionyesha inazunguka tangu wiki ileile uliyosema babu alianza kuamka alfajiri. Jumamosi watu wamealikwa kuitazama kutwa. Nilimwomba aongeze babu akishusha mzigo. Akajibu kwa upole, "Nani kasema lazima kila mtu afike? Tena kipande hicho hakipo. Tulizima kamera."

Leo, kabla bibi hajaja, nimeukata mkanda kwa mkasi. Nilidhani moyo utatulia. Kipande kilichonibaki mkononi nikakiinua dirishani: babu, mguu mmoja hewani, macho yake kwangu. Nimekiweka humu ndani ya bahasha. Labda nitafukuzwa kazi; hilo tutalizungumza baadaye.

Nakuomba, usinicheke. Gogo nililiokota siku ile, liko nyuma ya ghala la mtama. Mtwike babu taratibu, atoke njiani mpaka mlangoni. Usimpokee wewe wala mama, maana aliyenyamaza ni mimi. Mdogo wangu Agnesi avae gauni langu la shule, asimame mlangoni, aweke mkono, aseme lile neno. Macho ya babu hayaoni vizuri siku hizi. Atadhani ni mimi. Ila fanyeni siku hiyohiyo mtakayoipata barua hii.

Msalimie mama, shangazi msuka mikeka, na mjomba seremala wa mjini. Babu usimpe salamu zangu kabla hajatua.

Mwanao,
Tereza