Mstari wa Nakatuku

Nachingwea, Jumanne, Novemba 2009

Joto limekaa juu ya bati tangu asubuhi. Mvua inanukia kwa mbali, haifiki. Mtandao nao ni wa kudonoadonoa. Kurasa zenye picha hazifunguki, kwa hiyo nafanya kazi katika dirisha jeusi, kwa amri za kuandika. Nikiandika amri moja, maombi ya kubadili programu yetu yananijia mstari kwa mstari.

Programu yenyewe ni ndogo. Mtu aliyevuka mto Ruvuma kukimbilia huku wakati wa vita anaandika jina la kijiji alikotoka, inamwonyesha kilipo na njia ya kufika.

Jana kulikuwa na ombi moja, la Somoe, mwalimu wa Ruangwa. Anataka kufuta vijiji tisa. Nikayatazama mabadiliko yake: mistari tisa myekundu, kila mmoja na alama ya kutoa mbele yake. Wa nne ulikuwa Nakatuku.

Nakatuku ni kwetu.

Nikaandika amri ya kulifunga ombi, yaani kulikataa. Sikusoma maelezo yake wala sikumjibu.

Leo amepiga simu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu."

"Hata kuku wa jirani hufukuzwa kwa neno. Mimi umenifungia kimya?"

Nilicheka kwa aibu. Nikakiri kwamba sikusoma. Akanisimulia: bibi mmoja wa Chinongwe alifuata programu yetu hadi Nakatuku, siku tatu njiani, akakuta pori. Hakukuwa na hata mtu wa kumpa maji.

"Tumemtuma sisi, babu."

Nimelifungua tena ombi, nimeyashusha mabadiliko kwenye kompyuta yangu, nimeyajaribu. Hayana kasoro. Nimempa sharti moja tu: majina yabaki, na kando ya kila jina iandikwe "hakipo tena". Mtu asifunge safari bure, lakini asidhani aliota.

Saa kumi ameleta kazi mpya. Vijiji vinane ameviandika. Mstari mmoja ameuacha, na ujumbe: "Nakatuku andika mwenyewe, babu."

Miaka mingi nimekuwa nikisema nitarudi mvua zikiisha.

Nimeandika maneno mawili. Nimehifadhi. Nimetoa amri ya kuyaunganisha mabadiliko na programu, na dirisha jeusi limejibu kwa mstari mmoja kwamba imekubaliwa.

Kesho nakwenda Chinongwe kumtafuta yule bibi. Kwanza nimwombe radhi. Kisha nimwulize pori letu linafananaje.