Nilivyompima Mama Mkwe Akiwa Amelala

Shoga, acha kila kitu unisome. Nimejifungia bafuni, nacheka peke yangu.

Unaikumbuka ile skafu ninayotaka kumfumia mama mkwe kwa siri, zawadi ya sikukuu? Yule dada anayetuuzia nyuzi aliniambia skafu ikitaka kupendeza iwe na urefu sawa na wa mvaaji. Sasa urefu wa mama mkwe ningeujuaje?

Leo mchana kajilaza kwenye kochi, anakoroma kabisa. Nikachukua utepe wa kupimia, nikaanzia utosini, taratiiibu, mpaka kwenye visigino.

Jicho moja likafunguka.

"Mkwe wangu, unanipimia jeneza?"

JENEZA, shoga! Na mimi nimepiga magoti miguuni pake, utepe mkononi! Nikajibu eti napima kochi.

"Kochi lina visigino?"

Halafu akamwita mume wangu kwa sauti ya msibani: "Njoo umwone mkeo, ameshanichoka!"

Mume akaja mbio, akauona utepe, akaduwaa. Nikaona hapa ndoa inaniponyoka hivi hivi. Nikatoboa yote: skafu, nyuzi, sikukuu, siri.

Nikajua nimekwisha.

Mama mkwe akamfukuza mwanawe kwa mkono, akajilaza tena, akanyoosha miguu mpaka vidole.

"Haya, pima upya. Pale mwanzo nilikuwa nimekunja magoti."

Akafumba macho, akaanza kukoroma.