Meno Yangu ya Chini

Okoth, rafiki yangu,

Nilikuficha jambo, ukaondoka ukiamini mkono wako umezeeka. Haukuzeeka. Tangu asubuhi nazunguka chumbani na mkongojo. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Daktari anasema moyo wangu umechoka, nami naogopa kukukuta huko kabla sijasema huku.

Unakumbuka siku ile kwenye karakana yako ya meno ya bandia, Tororo? Ulikoroga ule unga wa mwani kwa maji, nami, mwalimu wa kemia hata nikiwa kibogoyo, nikakueleza usiloniuliza: kwamba ndani yake mna minyororo mirefu ya sukari, kwamba kalsiamu hupita katikati ikaufunga mmoja kwa mwingine, hadi uji unakuwa wavu ulioshika maji, na wavu huo haurudi kuwa uji hata ukiuchemsha. Uliniacha nimalize. Kisha ukasema, "Mwalimu, hapa si darasani. Fungua mdomo, ulaze ulimi." Ukanitia trei ya uji ule kwenye taya la chini, ukageuka kuandaa plasta ya kumimina humo, maana chapa ya ufizi ikikaa hewani husinyaa.

Meno yalipokuja yalicheza kila nilipotafuna. Ukataka kuchukua chapa upya. Nikakataa. Halafu, Mungu anisamehe, nikawaambia watu kanisani Busia kwamba Okoth siku hizi mikono inamtetemeka. Maneno yakafika hadi kwa madereva wa Malaba waliokuwa wateja wako. Wakahama. Siku uliyofunga karakana ulivitazama vidole vyako, ukaniuliza, "Kwani vilianza lini?" Nikanywa chai yako.

Tangu tukuzike kijijini Kwapa, Nabwire, mpwa wako uliyemfundisha kazi, amefungua chumba chake hapa Busia. Watu wanamtania mlangoni: "Si wewe mwanafunzi wa yule mzee wa kutetemeka?" Anacheka nao, lakini kiti cha wateja ki kitupu. Juzi nikaenda nikakikalia. Unga uleule, kipimo chako kilekile. Akanionya kama wewe, "Mzee, ulimi ulale, usiharibu chapa." Safari hii ulilala.

Meno yamekaa, Okoth. Jana nilitafuna karanga, zikanishinda kumeza kwa aibu.

Jumapili nitasimama mbele ya walewale niliowaambia, hata ikibidi nishikiliwe, niwaambie kama ninavyokuandikia, na Nabwire awe amekaa mbele asikie. Pumzika, ndugu yangu. Usivitazame tena vidole vyako.

Siku ile Tororo, uji ulikuwa bado haujashika mdomoni mwangu. Wewe ulikuwa umenipa mgongo. Nilitaka kuihisi ile dakika minyororo inapofungana, kitu nilichofundisha maisha yangu yote bila kukigusa. Nikausukuma kwa ulimi.