Usisimame Barabarani, Mama

Igawa, Alhamisi jioni

Mama yangu,

Kamwene. Goti linaendeleaje, au bado linakusumbua na baridi ya Igowole? Mahindi mmeshamaliza kuvuna? Mimi ni mzima, na nimejikagua kwanza kabla ya kuandika hivyo.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Nilipiga, nikakata kabla haijaita. Sauti ingetetemeka, nawe ungejua kabla hatujamaliza salamu. Basi nimeketi kwenye ngazi za kanisa, hapa walipotupokea, naandika.

Unajua tumetoka Mbeya kwa baiskeli, mimi na wenzangu wa kwaya, tunakwenda kwenye mkutano wa kwaya Ipogolo. Nilidhani cha kuogopa ni milima. Kumbe mlimani unahema tu. Ni huku tambarare za Usangu, baada ya Chimala, ndiko roho ilikoanza kunienda mbio. Upepo unakuja ubavuni, unakusukuma kuelekea katikati ya lami, na huohuo unabeba mlio wa malori usiusikie mpaka yako mgongoni. Kila lori likipita nilifumba jicho moja. Tusa, yule tunayeimba naye sauti ya kwanza, alikuwa nyuma yangu akinitania: "Rehema, fumbua yote mawili, utatuingiza kwenye majaruba ya mpunga ya watu."

Tunakwenda mstari mmoja, tairi karibu na tairi. Mbele yangu alikuwa Obedi, Mbena mwenzetu, mtu wa adabu kumshinda hata mchungaji. Kando ya barabara akatokea mzee na jembe begani. Mama, unajua tulivyolelewa: mkubwa hasalimiwi ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Obedi akashuka. Palepale katikati ya mstari, akashika usukani kwa mkono mmoja, akainama: "Shikamoo baba." Nikamgonga. Tusa akanigonga mimi, akaangukia upande wa lami, na lori lilikuwa linakuja.

Dereva alikwepa, matairi yakapita karibu kabisa na kichwa cha Tusa. Kitenge chake kimebaki na alama ya tairi, nimekiona kwa macho yangu.

Ameteguka mkono tu, tunamshukuru Mungu. Yule mzee wa watu alibaki amesimama anaitikia "marahaba, marahaba", kama yeye ndiye aliyekosa. Obedi amelia mpaka amevimba macho. Hakuna aliyemsema, maana mzee yule ningemwona mimi kwanza, ningeshuka mimi.

Gari linalotufuata linamrudisha Tusa Mbeya kesho asubuhi. Kiongozi wetu, Kaka Ambakisye, aliniita pembeni akaniambia nafasi ipo. "Dada, panda tu. Hakuna atakayekucheka."

Mama, naogopa. Mwandiko wenyewe unauona. Nikifumba macho naliona lile tairi. Lakini mikate yangu naisambaza kwa baiskeli kila siku, Uyole mpaka Mwanjelwa, kwenye barabara hiihii. Nikipanda gari kesho, baiskeli sitaigusa tena, najijua, na kazi nyingine sina. Kwa hiyo nitaendelea na woga wangu hivyohivyo. Niombee.

Ambakisye ametoa amri: hakuna kushuka kumsalimia mtu njiani, hata awe askofu, mpaka tufike kituo. Wote tuliitikia, Obedi kwa sauti kuliko wote.

Jumamosi tutapita Nyololo. Najua ulishapanga kuja kusimama njia panda na chupa ya uji wa ulezi. Ndiyo maana barua hii nampa kondakta wa basi aiache dukani kwa mama mdogo hapo Nyololo, uikute kabla sijapita.

Msalimie mama mdogo na watoto wake, mjomba anayenilaumu kila siku kwa kukaa mbali, na bibi, ila habari ya lori bibi asisomewe. Mwinjilisti mwambie atutaje kwenye maombi.

Na wewe nakuomba kitu kimoja. Jumamosi usije barabarani. Kaa ndani ya duka, uchungulie dirishani mpaka tupite wote, uji nitakuja kuunywa nyumbani. Nikikuona, Mama, nitashuka.

Ni mimi mwanao, uliyemfundisha adabu,

Rehema