Blanketi la Mama

Bożena,

Mama akirudi kanisani mpashie supu. ~~Usimwambie chochote.~~ Mwambie baba amefariki, mengine nyamaza. Miwani yake nimeichukua makusudi, asisome hapa.

Asubuhi nilimkimbiza baba hospitali, kifua kimembana. Kabla ya daraja gari letu dogo, Maluch, likanuka moto, injini ikakwama. Kufungua nyuma iliko injini, blanketi la mama limejisokota kwenye feni, hewa haipiti, injini imeungua. Kwa baridi ile ya jana mama alikuwa ameifunika kimyakimya ili iwahi kuwaka, nami sikutazama. Baba akakata roho mle mle, bado ananitania: “Henio, shuka usukume!”

Nimempelekea mochwari suti yake nyeusi. Mama akiuliza blanketi liko wapi, mwambie tumemfunika nalo baba. Ni kweli.

Mumeo